Kupanda Wadi hadi Samail

Jumanne, 19 Novemba 2024. Rusayl, usiku

Likizo ya Sikukuu ya Taifa inaanza kesho. Jumatano na Alhamisi zimeungana na Ijumaa na Jumamosi, na mtaani kila mwenye gari ana safari. Jirani anakwenda Salalah kwa njia ya jangwani, vijana wa nyumba ya pembeni wanakwenda Dubai. Sisi tunakwenda Samail. Aliyeamua ni Bimkubwa, mama yangu.

Kazini leo bohari imefungwa mapema. Malori yalikuwa yamejipanga nje ya lango, madereva wakinywa chai ya maziwa na kugombania nani aliwahi. Watu wakisikia Rusayl hufikiria hayo tu: saruji, nyaya za umeme, biskuti, vumbi. Eneo hili la viwanda ndilo la kwanza nchini, lilianzishwa 1983. Lakini kabla ya viwanda palikuwa njia ya misafara. Milima ya Hajar imeziba bara yote, na mlango wake mkuu ni upenyo wa Samail, wenye Hajar ya Magharibi upande huu na Hajar ya Mashariki upande ule. Aliyetoka Nizwa na ngamia wake kwenda Matrah alipita humo. Mpaka mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi, kwa hiyo safari ninayoikusudia kesho asubuhi kwa mkono mmoja, wao waliilala njiani.

Bimkubwa amezaliwa Mkunazini, Unguja. Babu yake mzaa baba ndiye aliyetoka Samail, kijana mbichi, akashuka Matrah na kupanda jahazi msimu kama huu, kaskazi inapoanza kuvuma. Akafungua duka shamba, akauza tende na nguo, akaitwa Mmanga mpaka akafa. Hakurudi. Bimkubwa amepita Samail mara nyingi akienda Nizwa kwenye arusi na matanga, na hajapata kumwambia dereva asimame. Juzi kasema tu, "Safari hii tushuke." Sijamuuliza kwa nini. Amekwishakanda unga wa mandazi.


Jumatano, 20 Novemba. Fanja, kisha Samail

Tumetoka baada ya chai. Ukiiacha Rusayl tu barabara ya Nizwa inaanza kujikunjakunja na milima inakaza. Nilimwambia Bimkubwa habari niliyoipata kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu: wajiolojia wana tabaka la mawe waliloliita kwa jina la Rusayl, nalo ni udongo wa zamani sana, wa wakati ambao hapa palikuwa na wangwa na mikoko. Akacheka. "Basi wazee wamehangaika bure kufuata boriti mpaka Rufiji, na mikoko ilikuwa nyumbani!" Nikamwambia wamechelewa kidogo, miaka kama milioni hamsini.

Mbele kidogo rangi ya milima inabadilika, inakuwa nyeusi yenye kahawia, hakuna mti wala jani. Mawe hayo yalikuwa chini ya bahari. Ni sakafu ya bahari na miamba ya chini yake, iliyoumbika zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita, ikasukumwa ikapanda juu ya nchi kavu. Duniani kote wanaosomea mawe wanaiita kwa jina la Samail, na wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuigonga kwa nyundo. Bimkubwa ameitazama sana kisha akasema imeungua kama ukoko wa wali. Sina la kuongeza.

Fanja tumeshuka. Mji mpya uko pembeni ya barabara, pamoja na maduka ya mitungi na vyetezo vya udongo vilivyopangwa mpaka nje. Wapenzi wa mpira wanaijua Fanja kwa klabu yake. Lakini mji wenyewe uko juu ya kilima, na chini yake wadi. Ukisimama juu unaona kokoto nyeupe zimetandazwa upana wa viwanja kadhaa vya mpira, na katikati mshipa mwembamba wa maji unang'aa. Pande zote mbili mitende. Maji hayo madogo ndiyo yaliyoweka watu hapa, na hayo hayo, yakija makubwa, ndiyo yaliyowapandisha kilimani wakajenge.

Mji wa kale umehamwa. Tumeingia kwa lango, Bimkubwa ameshika bega langu. Vichochoro vyembamba, ngazi za mawe, kuta za udongo uliochanganywa na makapi. Ukikaribia unayaona makapi yenyewe, vipande vya majani makavu vimenasa ukutani kama vilivyotiwa juzi. Nyumba moja dari limeanguka nusu. Magogo ya mitende yaliyopasuliwa yamelala kwa mapana, juu yake makuti, juu yake mkeka, juu yake udongo. Tabaka zote zinaonekana pale lilipokatika. Unguja dari namna hii lingekuwa la boriti za mikoko, na chumba kingekuwa na upana wa boriti. Huku aliyeamua upana wa chumba ni mtende.

Nilishuka peke yangu mpaka kwenye kivuko cha chini. Kuna nguzo za kupimia maji, zimepakwa nyekundu na nyeupe, na ya kwanza imepinda. Kijana aliyekuwa anaosha gari lake kwa maji ya wadi aliniona naitazama, akasema, "Aprili." Hakuhitaji kusema zaidi. Aprili mwaka huu wadi zilishuka nchi nzima, na kule Samad al-Shan gari lililobeba wanafunzi lilichukuliwa, wakafa watoto wa shule. Sisi wa pwani ya Maskati hupima hasara kwa Gonu, Juni 2007. Watu wa huku hawana Gonu moja. Kila wadi ina yake, na kila mtoto anafundishwa kwamba mvua inaweza kunyesha mlimani usikoiona, na wewe jua linakuwakia, na maji yakakukuta. Sheria sasa inamtia hatiani anayevuka wadi ikishuka. Bado wapo wanaovuka, wakijirekodi kwa simu.

Bidbid tumepita bila kusimama, ngome yake tumeiona dirishani. Samail tumefika adhuhuri.

Tumefikia kwa mzee mmoja wa ukoo, ambaye Bimkubwa anamwita kaka na mimi namwita Ami. Alikulia Pemba, akaondoka 1964 akiwa mvulana, akakaa Kuwait, kisha akarudi hapa. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha utotoni. Aliponiona tu: "Huyu ndo mwanao? Mbona kashakuwa ntu nzima?" Chakula: wali, nyama, na papa mkavu aliyepondwa kwa ndimu na kitunguu. Kisha kahawa na tende za fardh. Samail na fardh hazitenganishwi. Karne ya 19 tende hizi zilikuwa zinateremshwa na ngamia mpaka Matrah na kupakiwa melini kwenda Marekani. Bimkubwa anazikumbuka Unguja zikija ndani ya makanda, zimeshikamana, zinakatwa kwa kisu.


Alhamisi, 21 Novemba. Samail

Samail ni mji mrefu, si mji mpana. Umeifuata wadi: Alaya ni Samail ya juu, Sifala ni ya chini, na baina yake mitende haikatiki. Ngome iko Sifala, juu ya jabali, na minara ya ulinzi imekaa pembeni ikitazamana. Upo pia msikiti wa al-Midhmar, unaonasibishwa na Mazin bin Ghadhuba, ambaye Waomani wanamhesabu kuwa wa kwanza kusilimu katika nchi hii. Tumeswali hapo rakaa mbili. Bimkubwa amekaa kwa muda mrefu upande wa wanawake.

Baadaye Ami kanichukua kwenye falaj. Nataka kuliandika hili vizuri maana ndilo nililojia, ingawa sikulijua nilipotoka nyumbani.

Maji yanashikwa juu, yanapitishwa chini ya ardhi katika mfereji wenye mteremko mdogo kuliko wa nchi yenyewe, mpaka unafika mahali mfereji na uso wa ardhi vinakutana. Hapo ndipo yanapoonekana mara ya kwanza, na hapo ni pa kunywa tu; hakuna anayetia mguu. Chini yake panakuja msikiti, kisha vyumba vya kuogea, wanaume kwao na wanawake kwao, kisha mitende, na mwisho kabisa mashamba ya mazao ya msimu, ambayo maji yakipungua ndiyo ya kwanza kunyimwa. Ukiujua mpangilio huo umeujua mji. Nani anakaa juu, nani chini, nani tajiri, nani mgeni, yote yamefuata mfereji.

Na maji yana wenyewe, mbali na ardhi. Mtu anaweza kuwa na shamba asiwe na maji, au akawa na maji asiwe na shamba, akayakodisha. Yanahesabiwa kwa wakati. Athari moja ni nusu saa hivi. Ami kanionyesha kipande cha ardhi kilichosawazishwa, kina mti uliosimamishwa na mawe yaliyopangwa chini: kivuli kikifika jiwe fulani, zamu ya fulani imekwisha. Usiku walihesabu kwa nyota, na wazee walikuwapo waliojua nyota gani ikichomoza nyuma ya kilele gani ni zamu ya nani. Siku hizi ni saa ya mkononi. Tulipokuwa pale alikuja mfanyakazi Mbangladeshi, kavaa ndara, akaitazama simu yake, akainama. Tundu la mfereji limezibwa kwa jiwe lililofungwa gunia kuukuu na matambara. Akaling'oa kwa mkono mmoja, akalihamishia tundu la pili, akakandamiza matambara kwa kisigino mpaka mchirizi ukakatika. Maji yakasita, yakageuka. Visamaki vidogo vilivyokuwa vimetulia penye kina vikayafuata. Kazi nzima haikuchukua dakika, na Ami kasema zamani kwa dakika hiyo hiyo watu walitoleana majambia.

Nikamuuliza: maji ya babu yake Bimkubwa yalikuwa yapi?

Kanyamaza, kisha kanipeleka mpaka nyumbani kuuliza mbele ya mwenyewe, kwa sababu jibu lilikuwa la Bimkubwa si langu. Yule babu alikuwa na sehemu yake, urithi wa baba yake. Ulipokuja ukame falaj ikapungua, na mwenye nusu saa ya mfereji mkavu hana kitu. Aliiuza kwa mtu wa ukoo mwingine aliyekuwa na subira zaidi. Fedha alizopata zilimfikisha Matrah na kumlipia nafasi jahazini. Tangu hapo maji yale yameuzwa na kurithiwa mara kadhaa, na leo ni ya watu ambao hawajasikia hata jina lake.

Nilidhani Bimkubwa atahuzunika. Akasema, "Basi nauli ya Unguja ilitoka mferejini." Akamimina kahawa nyingine.

Ami akaongeza jambo ambalo nimekuwa nalifikiri mpaka sasa. Kila mwaka, kasema, wanakuja watu wa Maskati, wajukuu wa waliokwenda Afrika, wanapiga picha nyumba zilizoanguka, wanauliza shamba letu liko wapi. "Nyumba wanaiuliza. Falaj hapana anayeiuliza. Na ntu hapa hajulikani kwa nyumba." Mfereji unahitaji kuzibuliwa, mvua za mwaka huu zimeingiza kokoto. Fedha za matengenezo zinapatikana kwa kuuza kwa mnada zamu ambazo ni mali ya falaj yenyewe, na mwaka ukiwa mbaya mnada hautoshi. Hakuniomba kitu. Alikuwa anaeleza tu.

Usiku huu nawaza wale walioondoka. Juu kidogo, upande wa Wadi Bani Ruwaha, kuna Mahram, alikozaliwa Nasir bin Salim al-Bahlani, Abu Muslim, mshairi aliyekuwa kadhi Unguja na aliyeanzisha gazeti la Al-Najah mwaka 1911. Alifia Unguja 1920. Mwaka huo huo ulitiwa saini Mkataba wa Sib, baina ya Sultani aliyekuwa Maskati na watu wa bara waliokuwa na Imam wao, na Imam aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa, Muhammad bin Abdullah al-Khalili, alikuwa mtu wa Samail. Katika masharti yake moja lilihusu bidhaa zitokazo bara kwenda pwani: ushuru usizidi asilimia 5. Ndiyo kusema kanda la tende likitoka hapa lilitozwa likifika kwa Sultani, na kijana aliyekaa juu ya kanda hilo alikuwa ametoka kwa mtawala mmoja akaingia kwa mwingine, kabla hata hajaiona bahari. Tunapenda kusema babu zetu walitoka Oman. Wao wenyewe wangesema wametoka kwenye falaj fulani.


Ijumaa, 22 Novemba. Nizwa

Ami kasema ukifika Samail siku ya Ijumaa imekaribia usirudi bila kuona mnada wa mbuzi. Tumetoka alfajiri.

Mnada unafanyika kwa duara. Wanunuzi wamesimama ndani na nje, wauzaji wanazunguka katikati wanavuta mbuzi na kutaja bei kwa sauti. Mnunuzi anamsimamisha mbuzi, anamfungua mdomo, anabonyeza mgongo, anamwachia aende. Nimekanyagwa mara mbili, si na mbuzi. Bimkubwa amekaa kwenye kiti alichopewa na muuza majambia, anatoa hukumu: yule mkubwa, yule mgonjwa, yule bei hiyo ana nini, anasoma?

Nizwa nayo ni mji wa wadi. Wadi Kalbu inapita mbele ya soko, na siku kavu kama leo watu wameegesha magari humo humo, kwenye kokoto. Falaj Daris inaingia upande mwingine. Hiyo ni mojawapo ya mifereji mitano ya Oman iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ngomeni nimepanda peke yangu. Mnara wa duara, mnene kupita kiasi, ulijengwa na Imam Sultan bin Saif al-Yarubi katikati ya karne ya 17, na wanasema ujenzi ulichukua miaka 12. Ngazi yake inapinda, na kila pinda ina mlango mzito na juu yake tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Huyu Sultan bin Saif ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, akawafuata mpaka Mombasa: Fort Jesus ilizingirwa tangu Machi 1696 na kuanguka Desemba 1698. Saif huyo huyo anasifiwa huku kwa mambo mengine, kuchimba na kufufua mifereji ya falaj na kupanda minazi na mitende kwa maelfu. Mombasa tulisoma habari za mizinga yake. Hapa mlinzi wa ngome, nilipomtaja, alianza na mitende.

Swala ya Ijumaa, halua kwa kahawa, kurudi Samail kulala.


Jumamosi, 23 Novemba. Rusayl

Tumerudi mapema kuepuka msongamano wa likizo. Bimkubwa alitaka kujua maji ya wadi ya Samail yanaishia wapi, kwa hiyo kabla ya kwenda nyumbani tumekata kwenda al-Khoud, nyuma ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Wadi ya Samail inapita Bidbid, inapita Fanja, inatokea hapa kwa jina la Wadi al-Khoud na kukuta bwawa lililojengwa 1985. Si bwawa la kunywa wala la umeme. Ni ukuta mrefu, zaidi ya kilomita 5, unaoyashika mafuriko yasikimbilie baharini, yakatulia, yakaachiwa taratibu na kuzama ardhini. Kwa sababu hiyo visima vya Sib havijamezwa vyote na maji ya chumvi.

Leo lilikuwa kavu. Udongo umepasuka vipande vya ukubwa wa sinia, na kingo za kila kipande zimejikunja juu. Nimeokota kimoja: tabaka tabaka, mchanga chini, laini kabisa juu. Huo ndio udongo wa huko tulikotoka, ulioletwa na mafuriko. Kwa hiyo sisi tunaokaa huku chini na kujiita watu wa Maskati tunachota visimani, kwa njia ndefu, yale yanayowapita watu wa Samail. Wanayotuachia ndiyo yetu. Hatuna athari wala zamu. Hatuna wa kugombana naye kwa nusu saa, ila kampuni ya maji ikileta bili.

Nyumbani nikaweka picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Binamu wa Manchester akawahi: "Mashallah! Shamba letu je, mmeliona? Hati zipo?" Nikaandika habari yote ya babu na nauli yake. Kimya. Nikaandika kuhusu kokoto mferejini na mnada usiotosha, na kwamba mimi na Bimkubwa tunatoa. Mwingine akauliza, tukitoa, tutapata sehemu ya maji?

Nilikuwa naandika jibu la heshima. Bimkubwa akaninyang'anya simu, akabonyeza kinasa sauti: "Hamtapata hata tone. Babu yenu kauza, kala, kapanda jahazi, na nyinyi mmezaliwa kwa fedha hizo. Mwenye kutaka kuitwa mtu wa Samail alete rial kumi mfereji uzibuliwe. Mwenye kutaka shamba akanunue kama wenzake. Haya, laleni salama."

Mpaka sasa wamejibu watatu. Wawili wameomba namba ya akaunti. Wa Manchester ameuliza kama kuna risiti.